Merikebu: shajara ya neno moja, kutoka Kigoma

3 Machi

Jana jioni nilikuwa nafunga maktaba ya shule, mwanafunzi wa kidato cha pili akaja mbio na Biblia ya bibi yake, kidole kimebana ukurasa. Kitabu cha Yona, sura ya kwanza. "Mwalimu, merikebu ndiyo meli? Kama ndiyo, kwa nini hawakuandika meli?"

Nikamjibu kwamba merikebu ni meli ya zamani. Akashukuru, akaenda zake. Mimi nililala vibaya. Jibu lile halikuwa la uongo, ila halikuwa na kitu ndani yake. Ya zamani kivipi? Ilitoka wapi? Na ilikuwaje neno zito kama lile likaiachia kiti meli, neno fupi la juzi tu?

Leo asubuhi nimemwita yeye na wenzake wanne. Tumekubaliana kulifuata neno hili Jumamosi kwa Jumamosi mpaka katikati ya Mei, na tulifuate hapahapa Kigoma, mji ambao bandari na stesheni ni majirani na watu wanasafiri kwa kila namna. Tutakachokipata tutakiandika kwenye kadi za manila na kukitundika maktaba. Shajara hii ni kumbukumbu yangu ya kazi hiyo.

8 Machi

Tumeanzia Ujiji, kwa mzee mmoja aliyechonga na kuunga mitumbwi ujana wake wote. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa ajili ya magoti yake. Vijana wakampigia shikamoo, akawaitikia mmoja mmoja, halafu akasema bila kusita: "Merikebu ni ya Merika. Wamerika walileta vyombo vyao Unguja, watu wakaviita merikebu. Kama merikani. Mnaijua merikani?"

Vijana hawakuijua, na mzee akawaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Merikani ni kitambaa cheupe kizito cha pamba kilichotoka viwanda vya Marekani, kikashushwa Unguja, kikapanda na misafara kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na hapa Ujiji. Katika karne ya 19 kitambaa hicho kilikuwa fedha hasa. Mpagazi alilipwa kwa mikono ya merikani, na ndizi zilinunuliwa kwa merikani. Hilo la kitambaa ni kweli tupu, jina lake limetoka Marekani.

Nilimshukuru mzee na kuandika kila neno lake. Lakini njiani kurudi mwanafunzi mmoja, binti mtulivu asiyesema sana, aliuliza: "Mwalimu, merikani ina *ni* mwishoni. Hiyo *bu* ya merikebu imetoka wapi?" Nikasimama katikati ya barabara. Swali lile lilitosha kuing'oa nadharia nzima, na lilitoka kwa mtoto wa miaka 15.

Usiku nimelipima kwa miaka pia. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na katika habari za safari zake, zilizoandikwa kwa Kiarabu, vyombo anavyovipanda anaviita *markab*, kwa wingi *marakib*. Columbus alivuka Atlantiki mwaka 1492. Neno lilikuwa kazini zaidi ya miaka 160 kabla ya hapo. Marekani haiwezi kuwa mama wa neno lililoitangulia kuzaliwa.

Jumamosi ijayo nitarudi kwa mzee na kumweleza kwa heshima. Hadithi yake ya kitambaa itapata kadi yake, kwa sababu ni ya kweli na ni ya mji wake.

15 Machi

Siku ya leo ndiyo niliyokuwa naingojea. Tumekwenda kwa Maalim wa madrasa, Ujiji vilevile. Alitukaribisha barazani, akachukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, na upande mweupe akaandika herufi tatu kubwa kwa kalamu ya wino mzito: ra, kaf, ba. Mkono wake ulitembea kutoka kulia kwenda kushoto polepole, na vijana watano wakainama juu ya karatasi kama wanaoangalia chungu kinachoanza kuchemka.

"Shina ni hili," akasema. "*Rakiba*. Kupanda. Si kupanda mbegu, ni kupanda juu ya kitu kikubebe. Ngamia, farasi, punda, jahazi, vyote vinapandwa kwa neno hili moja." Akatutajia Nabii Nuhu katika Sura Hud, anavyowaambia watu wake *irkabu*, pandeni, wakati wa kuingia safinani. Akatutajia Sura An-Nahl, inayosema farasi, nyumbu na punda wameumbwa ili mwapande, na kitenzi ni kilekile. "Kwa Mwarabu, mgongo wa punda na sitaha ya jahazi ni habari moja. Umeinuliwa kutoka chini, unabebwa."

Kisha akaongeza herufi ya mim mbele, na hapo ndipo kazi yangu ya ualimu wa Kiswahili ilipokutana na yake. Hiyo *ma* ya mbele hutaja mahali pa tendo. Na sisi Waswahili tunayo mifano tele bila kujua kwamba ni mifano: palipo na darasa pana *madrasa*, panapotolewa hukumu ni *mahakama*, vinapokaa vitabu ni *maktaba*. Basi *markab* ni mahali pa kupanda, ni kitu kinachopandwa. Haikuwa na maji ndani yake tangu mwanzo. Maji yaliingia baadaye, kwa sababu ya mazoea ya mabaharia. Na dada yake, *markaba*, alibaki nchi kavu akiwa gari la farasi, na leo Waarabu wanalitumia kwa gari lolote, hata kwa chombo kinachopelekwa anga za juu.

Niliwauliza vijana: sasa tuna maneno gani mengine ya ukoo huu? Kimya. Nikawatajia *rikabu*, kile chuma cha matandiko ya farasi ambamo mpandaji hutia mguu. Hawajawahi kuliona wala kulisikia, maana farasi hapa ni wa kwenye vitabu. Kisha nikawatajia *rekebisha*, na baraza zima likapiga kelele. Maalim akacheka kwa furaha na kuthibitisha: *rakkaba* ni kupandisha kitu juu ya kitu, kuunga vipande mpaka kikae sawa. Neno wanaloliona kwenye daftari zao kila wiki kwa wino mwekundu, "rekebisha", ni ndugu wa merikebu.

Kisha suala la sauti. *Markab* ina konsonanti zilizobanana katikati na imefungwa mwishoni. Kiswahili hakipendi kufungwa hivyo. Kikatia irabu katikati, *mari*, *meri*, na kikatia irabu mwishoni. Kwa nini *u* na si *i*? Nikawaambia watoe simu, wafungue kamera ya mbele, waangalie midomo yao wakitamka *b*. Midomo inakutana. Wakiachia tu, iko tayari kwa *u*. Ndiyo maana *kitab* ikawa kitabu, *adab* ikawa adabu, *jawab* ikawa jawabu, *dhahab* ikawa dhahabu. Hata *qalam*, kwa kuwa *m* nayo ni ya midomo, ikawa kalamu. Watoto watano wameshika simu barazani wanatamka "bu, bu, bu" na Maalim anatamka nao. *Bu* ya yule binti imepata jibu lake.

Nimempitia mzee wa mwembe jioni. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi baba yangu alinieleza kama alivyoelezwa." Akaniomba nimwandikie zile herufi tatu. Nimemwandikia.

17 Machi

Kwa kifupi, nisisahau. Katika kamusi za karne ya 19 merikebu si chombo chochote tu. Dau ni dau, jahazi ni jahazi, mtepe ni mtepe. Merikebu ni chombo kikubwa cha kigeni chenye milingote mingi na matanga ya mraba. Zilipokuja za mvuke zikaitwa *merikebu ya moshi*. Nimeisoma mara tatu hiyo, kwa sababu miaka michache baadaye watu wa pwani walipoona treni waliita *gari la moshi*. Fundi wa neno ni yuleyule.

22 Machi

Kibirizi, ufukweni, saa moja asubuhi. Dagaa wametandazwa mchangani, wanawake wanapita katikati yao na fagio wakiwageuza. Tumekuja kuuliza swali moja tu: hiki unachosafiria unakiitaje?

Hakuna hata mmoja aliyesema merikebu. Waliosema *mtumbwi* ni wengi, *boti* wengi zaidi, kwa zile za mbao zenye injini zinazoshusha abiria vijiji vya kaskazini. Mama mmoja muuza dagaa, Muha, alisema *ubwato*, na kijana wetu mmoja ambaye mama yake ni Mrundi akaruka: hata kwao ni ubwato. Nikawaeleza kwamba Waganda wanasema *eryato* na watu wa Lingala, ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi, wanasema *bwato*. Shina moja limetapakaa kila penye maji tangu kabla hajafika mgeni yeyote na merikebu yake. Yule mama akasema, "Kumbe tunaelewana na watu wa mbali hivyo," akaendelea kufagia dagaa wake.

Jambo lililonigusa lilitokea wakati wa kuondoka. Bodaboda mmoja alipiga honi, akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja: "Mwalimu, panda chombo twende!"

Chombo. Nimesikia maneno hayo maisha yangu yote na sikuwahi kuyasikia. Chombo ni sufuria na sahani. Chombo ni jahazi, na ndiyo maana tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo ni pikipiki. Polisi wa barabarani akizungumza rasmi anasema *vyombo vya moto*. Lile neno la zamani la Kiarabu lilibeba boti na gari kwa pamoja, sisi tukachukua nusu ya boti peke yake, na nusu iliyobaki ikazibwa na chombo, neno letu la jikoni. Na kitenzi cha dereva yule kilikuwa *panda*. Tunapanda mlima, mti, farasi, basi, meli na ndege. Rakiba.

Nilipanda. Vijana walirudi kwa miguu wakibishana.

29 Machi

Asubuhi nimempigia baba mdogo, Tabora, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu. Nilitaka maneno yake ya kazi. Akanipa *kichwa* kwa ile injini inayovuta, *behewa* kwa kinachovutwa, na *gari la moshi*, ambalo anasema wazee wake walilitamka hivyo kwa maneno matatu, kila moja limesimama peke yake. Behewa limenifurahisha. Katika nyumba za mawe za pwani, behewa lilikuwa ukumbi wa ndani. Kwa hiyo aliyelitia neno hilo relini aliingia ndani ya treni, akatazama huku na huku, akaona nyumba. *Gari* lenyewe limetoka Uhindi, na kwao pia ni pana: mkokoteni wa ng'ombe ni gari, na treni ni gari.

Mchana tumesimama mbele ya stesheni ya Kigoma, na hapo nimewasimulia kisa ambacho kila mtoto wa mji huu amekisikia nusunusu.

Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, kampuni ya Meyer iliunda meli, kisha ikaifungua kipande kwa kipande na kuipanga ndani ya masanduku kama 5,000. Masanduku yakavuka bahari hadi Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar. Masanduku yakaja huku kwa reli, meli ikaunganishwa upya, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Wajerumani. Julai 1916, vita vikiwa vimewaelemea, Wajerumani waliipaka mitambo yake grisi nene na kuizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaikuta inafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la *Liemba*, jina la ziwa hili katika vinywa vya watu wa upande wa kusini.

Kijana aliyeanzisha haya yote, wa Biblia ya bibi, akanitazama. "Kwa hiyo, Mwalimu, meli ilipanda treni."

Ndiyo. Kwa muda ule, behewa lilikuwa merikebu ya merikebu. Na kule Ziwa Victoria ikawa kinyume: MV Umoja ina reli sitahani, mabehewa yanaingizwa humo na kuvushwa, gari limepanda meli. Na ile kazi ya mafundi kuunga vipande hivyo hapa Kigoma, kipande juu ya kipande mpaka chombo kikae sawa, Maalim angeiita *rakkaba*. Sikuwa nimepanga kufika hapo. Nilikuwa nasimulia tu historia ya mji, shina la herufi tatu likajitokeza lenyewe.

Niandike na langu. Nilikuwa na miaka saba, mama alinichukua Liemba kwenda kuzika ndugu huko Lagosa. Hapakuwa na gati. Usiku meli ilisimama mbali na nchi, ikapiga honi, na kutoka gizani yakaja maboti kwa fujo, yakabanana ubavuni mwake, watu wakishuka na wengine wakipanda kupitia mlango uleule, mikungu ya ndizi ikipita juu ya vichwa. Tulishuka. Siku tatu baadaye tulirudi vilevile, safari hii sisi ndio tuko ndani ya boti, tunayumba, na ukuta wa chuma uko juu yetu. Baharia alinyoosha mikono na kupaza sauti, "Panda! Mpandishe mtoto!" Mama akaninyanyua. Kwa kitambo nilikuwa hewani, sikuwa wa boti wala wa meli. Nikifikiria neno *markab*, mahali pa kupanda, naiona mikono ile.

5 Aprili

Mvua imeingia maktaba kupitia dirisha ambalo halijafungwa vizuri. Kadi 14 zimelowa, wino umetambaa. Tumezianika kwenye kamba uani na kuandika upya zilizoharibika.

Wakati wa kuandika upya, ubishi ukazuka kuhusu *panda*. Je, panda ya mbegu, panda ya mlima na panda ya njia panda ni neno moja? Kamusi inayaweka mbalimbali, nasi tumeyaweka mbalimbali, kadi tatu. Binti mtulivu akaongeza kwa mkono wake chini ya kadi ya pili: *Mpanda farasi wawili hupasuka msamba*. Imekaa mahali pake.

12 Aprili

Leo nimekosolewa, na nimefurahi. Kwenye kadi ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba merikebu "limetoka Kiebrania na Kiarabu". Mchungaji wa kanisa la mwanafunzi mmoja, aliyesoma Kiebrania chuoni, alipita kuona kazi yetu na kunieleza kwa upole kwamba Waswahili hawakupokea neno hili kwa Waebrania. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, kila kimoja kimerithi shina hilo kwa mababu wao wa pamoja. Sisi tumelitoa kwa Waarabu, kwa njia ya bahari. Nimeichana ile kadi mbele yake na kuandika nyingine.

Kisha akakaa, akafungua Kutoka 15, wimbo wa Musa baada ya kuvuka. Biblia yetu ya mwaka 1952 inasema magari ya Farao yametupwa baharini. "Katika Kiebrania," akasema, "hayo magari ni *markevot*." Umoja wake ni *merkava*. Akalitamka mara mbili ili tulisikie.

Nilisikia mwili ukinisisimka. Katika Biblia ya Kiswahili ileile, Yona anapanda merikebu, na Farao anazama na magari. Chini ya neno gari, katika lugha ya asili, amelala ndugu wa damu wa merikebu. Shina moja lilikwenda nchi kavu kwa Waebrania likawa gari la vita, likaenda majini kwa Waarabu likawa jahazi. Sisi tuko pwani ya mwisho wa safari ya tawi la pili, tunasoma habari za tawi la kwanza kwa neno la Kihindi.

Kijana wa Biblia ya bibi hakusema kitu. Alichukua penseli na pembeni ya Kutoka 15, kwa maandishi madogo, akaandika: *merikebu za nchi kavu*. Natumaini bibi yake hatagomba.

26 Aprili

Swali la kwanza lilikuwa limebaki: kwa nini meli ilishinda? Leo tumelimaliza, na halikuchukua muda. Meli ni neno la Kiingereza la barua, *mail*. Vyombo vya mvuke vilivyokuja kwa ratiba vikibeba mifuko ya barua viliitwa hivyo, na watu waliokuwa wakizingoja barua hizo bandarini waliita chombo kwa jina la mzigo. *Stima* nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo, na kwa jirani zetu Kenya ikahama kabisa, sasa ni umeme. *Manowari* ikachukua vita. Merikebu ilipunguziwa kazi moja baada ya nyingine, ikabaki na Biblia, mashairi na simulizi.

Ubishi mkubwa wa leo ulikuwa juu ya kadi ya mwisho. Tafsiri hasa ya *markab* kwa Kiswahili chetu wenyewe ni ipi? Watatu walisema *chombo*, kwa ajili ya bodaboda wa Kibirizi. Mimi na binti mtulivu tulisema *kipando*. Chombo kinabeba chochote, hata uji. Kipando kimetoka kwenye panda kama markab ilivyotoka kwenye rakiba: ki-, panda, -o, kitu kinachopandwa. Punda ni kipando, treni ni kipando, Liemba ni kipando. Lugha mbili zisizo na undugu zilitazama mtu anayeinuliwa kutoka chini na kubebwa, zikafikiri jambo moja, kila moja kwa mbao zake. Neno hili liko kwenye kamusi na wengi hawalitumii. Ningependa sana kulisikia tena stendi na bandarini, na nimewaambia hivyo waziwazi.

Tumeandika kadi zote mbili. Kipando iko juu, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika gundi.

11 Mei

Kona imefunguliwa. Kadi 31, na katikati yake karatasi ya kalenda ya Maalim yenye ra, kaf, ba, ambayo alitupa kwa mkono wake. Mzee wa Ujiji aliletwa na mjukuu wake. Alisoma kadi ya merikani kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akaenda kwenye ile ya merikebu, akaisoma pia, akakaa kwenye benchi karibu nayo mpaka saa sita mchana.

Limebaki jambo moja, ambalo haliwezi kutundikwa. Waarabu waliokuwa wakisoma anga walizipa nyota majina, na majina hayo bado yanatumika. Kusini liko kundi kubwa ambalo Wayunani waliliona kama merikebu, likagawanywa katika karne ya 18 kuwa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, tezi, yaani nyuma yake, na matanga. Kwenye matanga kuna nyota iitwayo *Markeb*. Na kwenye kundi la farasi mwenye mabawa kuna nyota iitwayo *Markab*, jina ambalo wengi hulieleza kuwa tandiko. Shina moja liko chomboni na liko mgongoni mwa farasi.

Mvua zimekwisha, mwezi haupo. Saa tatu usiku tumekutana Kibirizi, vijana watano, wazazi watatu na mimi. Taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetanda ziwani. Nimewaonyesha kusini, imeinamia kidogo upande wa maji, nyota nne zilizokaa kama msalaba ambazo wengi hudhani ndio Msalaba wa Kusini, na sio. Moja ya hizo nne ni Markeb. Haing'ai sana, lakini ukishaipata huipotezi.

12 Mei

Watatu kati yao walikuja tena saa kumi na moja alfajiri, wamejifunika khanga na mablanketi. Tukaupa mgongo ule upande wa ziwa na kutazama vilima. Markab ilikuwa tayari imepanda juu ya vilima, mashariki, peupe kabisa. Nyuma yetu injini zilianza kusikika, boti za dagaa zinarudi, na mtu mmoja ufukweni alikuwa anaita kwa sauti nani yuko tayari kupakua.